Vibao vya Uzunguni

Jumatatu, 3 Juni

Nimechora kibao cha sita leo. "Hapa Alilala Gavana." Gavana gani, hakuna anayejua. Mwenye nyumba alitajirikia mpunga wa kule bonde la Mamba, akahamia Uzunguni, sasa anataka na gavana. Upuuzi mtupu. Hizi ni nyumba za wakubwa wa mgodi wa zamani, basi. Lakini kamati ya mtaa inataka watalii wanaokwenda mbugani kuona viboko wasimame Mpanda kwanza, waone "urithi". Urithi wenye geti la umeme na paa la bati la msauzi.

Jumatano, 5 Juni

Mama Shija, mwenyekiti wa kamati, ndiye mwenye nyumba kubwa kuliko zote. Ng'ombe wa mumewe waliinunua. Kwenye kona ya uwanja wake kuna chumba kimoja cha mawe. Mama yangu anaishi humo tangu walipoondoka Wazungu ambao yeye alikuwa dobi wao.

"Fundi, kile chumba cha bibi kinaharibu picha," kaniambia. "Tunakivunja, wageni wapate pa kupaki."

Alisema huku anatafuna chapati. Namdharau mpaka kidole cha mguu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemwambia mama. Hakushtuka. Kauliza tu wageni wanakuja lini.

Marehemu baba alisema siku zote kwamba kile chumba kilikuwa cha karani mkuu wa mgodi. Nimekua nikijivunia hilo. Kwa hiyo nimechora kibao, bure, kwa rangi yangu: "Nyumba ya Karani Mkuu". Kibao pekee cha kweli mtaa mzima. Wathubutu kukivunja chumba sasa.

Jumapili, 9 Juni

Wageni wamekuja, kumi na wawili. Mama Shija, kitenge kipya, kawaonyesha bafu la gavana, halafu nyumba yake. Waongo hawana haya.

Kisha mama yangu akamshika mgeni mmoja mkono, akawaleta wote nyuma, kwenye chumba chake. Akasimama kando ya kibao changu. Hajui kusoma.

"Hapa walilala mbwa wa bwana mkubwa. Wanne. Niliwalisha mimi. Wazungu walipoondoka, tukahamia sisi."

Kiongozi wao akatafsiri. Halafu simu zote juu, picha. Mama Shija akapiga makofi.

Nilikuwa nimesimama palepale, brashi mfukoni. Aibu ilinishika. Nimeucheka mtaa mzima. Uongo wenye herufi nzuri kuliko zote ni wangu.

Jumanne, 11 Juni

Mama Shija kapita asubuhi. Chumba kinabaki, wageni wamekipenda. Anataka kibao kingine.

Nimekichora. "Banda la Mbwa." Sikumuuliza mama kwa nini yeye na baba walinificha. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Akaniomba nimsomee nilichoandika. Nikamsomea.

"Vizuri, baba," akasema. "Hawatubomolei tena."