Kahawa ya Msiba wa Baba

Kwa mdogo wangu Lyle,

Huku Minnesota theluji imeyeyuka, barabara ni matope matupu, na Baba tulimzika Jumamosi. Maua yako yalifika.

Tulikula kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, kama kawaida. Unamkumbuka mzee Haugland, mbunge wetu wa utotoni? Kila msiba alifunga aproni akaosha vyombo mpaka kikombe cha mwisho. Aliyemfuata aliosha akipigwa picha. Huyu wa sasa, Sorley, alishika birika la kahawa akazunguka nalo: "Poleni jamani. Pole, mama." Msaidizi wake akamnong'oneza, tukasikia: "Mheshimiwa, mipaka ya majimbo imebadilishwa. Upande huu wa barabara si wako tena. Hawa hawakupigii kura."

Lyle, alilitua birika mbele ya Mama, kikombe chake kikiwa kitupu. Akavua aproni, huyoo!

Shangazi Inga akafoka, "Mjinga gani kachora mpaka katikati ya barabara?"

Wote tunajua kazi yako huko bungeni ni kuchora ramani za majimbo. Mama alikifunika kikombe chake kifudifudi, na nilipotaka kummiminia alikataa.

Sasa nasikia kiti cha upande wetu unakitaka wewe, na utakuja Pasaka "kumfariji Mama." Nimemwambia. Akasema, "Aje. Ila kahawa ya mtu anayeomba kura sinywi, hata kama nimemzaa mwenyewe."

Dada yako,
Ardis