Sekunde Ishirini za Bibi

Tegeta, Dar es Salaam
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na Baba naye nampa shikamoo yake. Hujambo na uzazi? Mdogo wangu ananyonya vizuri, na usiku anakuacha ulale? Nahesabu siku zako za arobaini kwenye kalenda ya Mama mdogo, naona zimebaki tisa. Sisi huku ni wazima, ila tuna hamu kubwa ya kumwona huyo mtoto.

Mama, kwanza naomba radhi. Jumatatu uliponiuliza kwa simu kipimo cha Bibi kimekwendaje, nilikujibu, "Salama." Haikuwa salama. Bibi alikuwa amekaa ubavuni mwangu, na kabla sijapokea alishaniambia, "Mke mwenza, mama yako ananyonyesha. Ukimtia wasiwasi maziwa yatakatika, na dhambi utaibeba wewe." Nikanyamaza. Sasa ameniruhusu, kwa hiyo nakueleza yote, na barua atakuletea Mjomba.

Unakumbuka daktari alisema presha ya Bibi haishuki hata kwa vidonge vitatu, na anashuku mshipa unaopeleka damu kwenye figo umekuwa mwembamba. Kama ndivyo, unaweza kupanuliwa. Bila picha ya mishipa hawezi kujua, naye hataki kubahatisha.

Jumatatu hiyo tulifika hospitali asubuhi, Bibi hajala kitu, kama tulivyoagizwa. Damu yake walishaipima mapema kuhakikisha figo zitastahimili dawa wanayochoma ili mishipa ionekane vizuri. Mpiga picha ni dada mmoja anaitwa Neema. Nilidhani mashine yake ni ya mionzi, akanisahihisha kwa upole kwamba ni sumaku kubwa, ndiyo maana chuma hakiingii mle. Akamuuliza Bibi kama ana betri ya moyo au chuma alichowekewa mwilini. Hana. Bibi akavua hereni, bangili na pini za ushungi. Akaombwa anawe hata wanja.

"Wanja nao ni chuma?"

"Mwingine unacho, Bibi."

"Haya, leo mtaniona sura niliyozaliwa nayo."

Wakati wa kubadilisha nguo, kifuani kwenye gauni lake ikaonekana sindano ya kushonea kofia, imechomekwa na uzi wake mweupe. Unamjua mama yako. Dada Neema alicheka, kisha akaichomoa mwenyewe na kuifungia kabatini pamoja na bangili.

Lakini alipoingizwa ndani ya bomba la ile mashine mambo yakaharibika. Picha ya mishipa ya tumboni inataka mtu avute pumzi, aibane na atulie sekunde ishirini. Bibi alifika nane akahema. Mara ya pili, tisa. Mara ya tatu akabonyeza kile kimpira cha kuita msaada. Akatoka amelowa jasho.

"Nimetiwa mwanandani mwa kaburi ningali hai," akasema.

Picha zote zilikuwa na ukungu. Dada Neema hakununa hata kidogo. Alimfuta Bibi uso, akatupa nafasi nyingine Alhamisi, akaniambia nikamfanyishe mazoezi nyumbani. Tulipotoka nje Bibi akasema, "Hiyo Alhamisi nenda wewe. Mimi kesho narudi Bagamoyo." Mama, niliogopa. Nilijua akirudi harudi tena huku, na presha ile itaendelea kumla figo bila mtu kujua sababu.

Mama mdogo alimbembeleza mpaka akakubali kungoja. Jumanne nzima nilimhesabia kwa saa. Akifika tisa anacheka.

"Unanitolea macho kama mwalimu wa zamu! Nitabanaje pumzi?"

Nikageukia ukutani, nikahesabu kimoyomoyo. Bado tisa.

Jumatano alasiri nilikuwa nimekata tamaa. Bibi alikaa barazani anashona kofia yake, uzi ukaisha, akawa anatunga mwingine. Alipouelekeza kwenye tundu la sindano, nikaona kifua chake kimesimama. Midomo imefungwa, hata bega halichezi. Uzi ukakataa, akaurudia, ukakataa tena. Nikaitazama saa. Alipopumua, zilikuwa zimepita ishirini na nne.

"Bibi, umebana pumzi sekunde ishirini na nne!"

"Mwongo wewe."

"Wallahi."

"Nilikuwa natunga uzi, sikuwa nabana pumzi."

"Basi na kule ndani utunge uzi."

Akaichomeka sindano kwenye kofia, akasema, "Kumbe huko shuleni kwenu mnafundishwa!" Akajilaza mkekani, akafumba macho, akaanza kutunga uzi usiokuwepo kwa mikono iliyotulia. Mara ya kwanza kumi na tano. Baada ya alasiri ile hakushuka tena chini ya ishirini.

Alhamisi nilimweleza Dada Neema kwa aibu, nikidhani atatucheka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniruhusu kukaa nyuma ya kioo, na badala ya kusema "bana pumzi," akasema kwenye kipaza sauti, "Bibi, tunga uzi." Mama, laiti ungeona! Bibi alitulia kama kitambaa kilichopigwa pasi. Zilipotimia ishirini, "Bibi, pumua." Mara nne hivyo. Kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mshipa mkubwa katikati na matawi kila upande, meupe. Nikauliza kama upo ubaya. "Mimi napiga," akanijibu, "daktari ndiye anayesoma." Nilipenda jibu hilo, na nilipenda mikono yake isiyo na haraka.

Juzi daktari akatuita. Mshipa wa figo ya kushoto umebanwa, na kwa namna ulivyo anaona inafaa kuupanua kwa ndani, kwa kupitisha mrija mwembamba kutokea kwenye paja, bila kupasua tumbo. Bibi aliuliza maswali mengi kuliko Mama mdogo. Mwisho akasema amekubali.

Nina ombi langu pia. Fomu ya mchepuo nilijaza sanaa kwa kuogopa fizikia. Dada Neema amesema kazi yake bila fizikia haiwezekani. Naomba ruhusa yenu niibadilishe kabla shule hazijafunguliwa. Nitasoma sana.

Msalimie kaka Idi, pia ustadhi wangu wa madrasa, na jirani yetu anayekupikia uji. Mwambie Mungu amlipe. Mbusu mdogo wangu kwa niaba yangu.

Bibi amekaa hapa anataka kujua nimefika wapi. Nimemsomea ukurasa mzima. Anasema niongeze kwamba daktari alimpa tarehe ya karibu akaikataa, ameomba ya baada ya siku kumi na mbili, na kitanda hapandi mpaka akuone wewe mlangoni na mtoto mgongoni.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi