Chini ya Manyoya ya Pamba

Jumatatu, 2 Februari

Mfuko mmoja tena leo. Ule wa unga wa kilo mbili, umejaa manyoya mpaka mdomoni. Na hapo nimefagia sebule tu, veranda bado. Jana niliujaza mwingine. Sijui mbwa mmoja anayatoa wapi yote haya.

Mwalimu Njoki anasema Pamba alizaliwa Limuru, kwenye baridi, na mwili wake haujaamini bado kwamba uko Diani. Ana manyoya ya tabaka mbili. Ya juu marefu, meupe, yanang'aa. Ya chini mafupi na laini kama yale ya kujazia mto. Hayo ya chini ndiyo yanayopukutika. Ukiwasha panka yanapanda mpaka darini, halafu yanashuka polepole juu ya kila kitu nilichokwisha kufuta.

Kazi yangu ni kumchana asubuhi na jioni, kufagia, na kumwosha kila Jumamosi. Mwalimu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona vivuli tu. "Macho yangu ni wewe, Mwanasiti," aliniambia siku ya kwanza. Niliona fahari. Miaka minne ya sekondari hakuna aliyeniambia neno kama hilo.

Hii ni wiki ya tatu. Jumamosi mbili za kwanza bintiye alikuwepo, akamwosha yeye. Jana amerudi Nairobi.

Jumatano, 4 Februari

Siku mbaya.

Bibi ameona unyoya juu ya mswala wake. Mmoja. Mrefu, mweupe, umelala pale pale anapoweka paji la uso. Aliuokota kwa njiti ya kiberiti akautupa nje, kisha akauchukua mswala uani. Akauosha mara saba, moja kwa maji ya udongo, ameinama na nyonga yake ile mbovu. Nilitaka kumpokea. Akauondoa mkono wangu.

Tulifundishwa madrasa na ninajua. Mbwa mkavu na mkono mkavu, hakuna neno. Akiwa maji, au akikulamba, ni najisi nzito: mara saba, moja kwa udongo. Unyoya ulikuwa mkavu. Sikusema. Huwa sisemi.

Bibi ndiye aliyenilea. Ninalala chumbani kwake. Tangu nina miaka saba ninaswali upande wake wa kuume, bega langu kwa bega lake, na sasa bega langu limelipita lake. Ramadhani iko mlangoni, na Bibi haendi tena msikitini kwa sababu ya miguu. Mwezi mzima tutaswali wawili, chumbani. Ninaungoja mwezi huo kuliko Idi yenyewe.

Leo amesema, "Mjukuu wangu, fanya kazi ya watu, sikukatazi. Lakini akiwa mkavu. Siku utakayomshika akiwa maji, mswala wako utautandika ukumbini, peke yako."

Mama aliendelea kukuna nazi. Saumu, binti wa shangazi, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kinyozi wa mbwa! Hebu niambie, zamu ya kichwa changu itakuwa lini?"

Ninamchukia Saumu leo. Kesho sitamchukia.

Ijumaa, 6 Februari

Kesho Jumamosi. Nimejizoeza maneno njia nzima kutoka nyumbani, Bongwe. Mwalimu, samahani. Mwalimu, mimi kwa dini yangu. Mwalimu, si kwamba Pamba ni mchafu.

Nilifika, nikasema shikamoo, nikachukua kitana.

Jumamosi, 7 Februari

Ninaandika ili nisijidanganye na mimi mwenyewe.

Alfajiri Mwalimu alitembea na Pamba ufukweni, kama desturi yake, mkono kwenye kamba. Pamba aliingia baharini. Amerudi anachuruzika, mchanga mpaka tumboni. Mwalimu alikuwa na haraka, anakwenda kwenye kikundi chake cha wastaafu. "Mwoshe chumvi yote kwa maji ya bomba. Halafu umkaushe mpaka chini, mwanangu, mpaka kwenye ngozi. Yakibaki maji ndani yataoza."

Nikasema ndiyo.

Nilifungua bomba, nikaloanisha sakafu ya uani. Nilimwaga shampuu kidogo. Nilimfunga Pamba juani, nikakaa kwenye kigoda mbali naye mpaka alipokauka. Alikuwa akinitazama na kutingisha mkia kila nilipojikuna. Kisha nikamchana, juu juu. Kisha nikampaka poda ya mtoto, ile ya Mama, niliyoileta kwenye mkoba. Kumbe asubuhi nilipoichukua nilishajua.

Mwalimu alirudi akainama, akatia pua yake kwenye shingo ya Pamba. "Ananukia kama mtoto mchanga! Asante sana, mwanangu."

Nilikwenda chooni nikalia.

Alasiri nimeswali upande wa kuume wa Bibi.

Jumamosi, 14 Februari

Tena. Maji, shampuu sakafuni, jua, poda.

Safari hii imekuwa rahisi. Hilo ndilo linaloniumiza.

Jumatatu, 16 Februari

Manyoya yamepungua. Kweli yamepungua. Mfuko mmoja sasa unafika siku tatu. Mwalimu alipitisha kiganja juu ya kochi, hakupata kitu, akampigia simu bintiye papo hapo. "Huyu msichana wa pwani ni dawa, nakwambia! Nyumba haina nywele hata moja."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Nyuma ya masikio ya Pamba kuna vifundo. Na mapajani. Kitana hakipiti. Nikivuta anageuza kichwa na kuushika mkono wangu kwa meno, taratibu, haniumi. Anaomba tu. Ninavipita vifundo na kuchana pale panapopitika.

Ijumaa, 20 Februari

Tumeanza kufunga. Jana na leo tumeswali mimi na Bibi, na leo alisoma sura ndefu, sauti yake inatetemeka kidogo mwishoni mwa pumzi. Begani kwake kuna harufu ya asumini na mafuta ya kujichua. Ningeweza kusimama pale mpaka asubuhi.

Wiki mbili hakuna unyoya nyumbani. Bibi ameona. "Umekuwa safi, mjukuu wangu. Nafsi yangu imetulia."

Yangu haikutulia.

Jumanne, 24 Februari

Pamba anajiuma paja. Anazunguka, anajiuma, analia, anazunguka tena. Ana harufu. Si ya mbwa, ninaijua ya mbwa sasa. Ni kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo.

Nimeongeza poda.

Mchana alikuja akaweka kidevu chake juu ya mguu wangu. Pua yake ilikuwa maji. Nilivuta mguu kwa nguvu, nikakimbilia bombani, nikaosha mara saba, moja kwa udongo wa chini ya mpapai. Alisimama mlangoni akiniangalia mpaka nilipomaliza ya saba. Mwalimu aliuliza kutoka ndani, "Unafua nini, Mwanasiti?"

Nikasema, nguo.

Jumamosi, 28 Februari

Pamba amekataa kwenda baharini. Alilala mlangoni, akavutwa kamba, hakuinuka. Mwalimu anasema ni joto la kaskazi. Ameniachia nimwoshe.

Sikumwosha.

Jumatatu, 2 Machi

Nitaandika yote.

Nilipofika, Mwalimu alikuwa amekaa sakafuni, kanga kifuani, Pamba kichwa mapajani mwake. Pamba hakuwa amekula tangu jana. Mwalimu alikuwa akimpapasa na vidole vyake vilikuwa vimefika kwenye paja, vikasimama hapo. "Hapa pana nini? Pagumu. Njoo uniangalizie." Nikaangalia. Nikasema ni manyoya yamejikunja tu.

Daktari wa mifugo alikuja saa nne kutoka Ukunda, mwanamume mnene, mpole. Alishika kifundo kimoja akajaribu kukiinua, kikainuka na ngozi. Akaguna. Akatoa mashine ya kunyolea na akasema, "Binti, nishikie kichwa. Mshike vizuri, atauma."

Nilimshika. Kwa mikono mitupu, mikono yote miwili.

Manyoya hayakutoka moja moja. Yalitoka kama zulia, kipande kizima, na upande wa chini kipande kilikuwa kimelowa, cha kijivu, kina mchanga na uji mweupe. Yale manyoya yaliyopotea sakafuni, ambayo Mwalimu alisifu kwenye simu kwamba hayapo, yote yalikuwa humo. Hayakuacha kupukutika. Yalikwama tu, kwa sababu sikufika chini na kitana, na hayakupata pa kutokea. Na chini yake ngozi nyekundu, inavuja. Pajani palikuwa na funza. Niliwaona wakitembea.

Pamba hakuniuma. Alisukuma pua yake ndani ya kiganja changu na kuhema.

Daktari alimwaga maji na dawa, yakanifika viwikoni, kifuani. Kisha akachukua kile kipande, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa. "Mama, huyu mbwa anaogeshwa?"

"Kila Jumamosi," Mwalimu alisema. "Mwanasiti, si humwosha kila Jumamosi?"

Nikasema ndiyo. Nimeshika kichwa chake, maji yake mwilini mwangu, na bado nikasema ndiyo.

Daktari alinitazama muda. Akasema kwa sauti ya chini, "Hii ni poda, Mama. Hii ngozi haijaona maji matamu mwezi mzima."

Mwalimu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinyoosha mkono akautafuta uso wangu, akanigusa shavu, akakuta limelowa. "Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipoyasema yale niliyojizoeza njiani. Yalitoka vibaya, yamekatika. Bibi. Maji. Dini. Mswala. Sijui kama alielewa hata nusu.

Akampapasa Pamba kichwani. Kisha akasema, "Ungeniambia tu, mwanangu. Ningemwosha mwenyewe, kwa kupapasa."

Nikamwomba anisamehe. Nikamwambia nitamwosha kila siku, vidonda vyote, mpaka apone. Akatikisa kichwa. "Nimekusamehe. Lakini siwezi kukuachia kitu ambacho mimi mwenyewe sikioni."

Nilikunja aproni nikaiweka juu ya meza. Pamba aliyenyolewa ni mdogo sana. Sikujua kama ni mdogo hivyo. Alijaribu kunifuata mpaka mlangoni.

Jumanne, 3 Machi

Jana niliporudi sikuingia ndani. Nilijitwaharisha uani, mara saba, moja kwa udongo, nguo na mwili. Kisha nikauchukua mswala wangu nikautandika ukumbini. Mama na Saumu walitazamana.

Bibi alitoka chumbani, akishika ukuta. Nilimwambia yote. Nimemshika akiwa maji, Bibi. Nimemshika kwa mikono miwili. Nilimweleza na funza.

Alikaa juu ya kiti akavuta uradi kidogo kwa tasbihi yake. Akasema, "Umejitwaharisha?"

Nimejitwaharisha.

"Mara saba?"

Saba.

"Basi yamekwisha. Udongo ndiyo kazi yake hiyo. Inuka, lete mswala wako ndani."

Yamekwisha. Hivyo tu.

Nikamuuliza. Sijawahi kumuuliza Bibi swali la namna hiyo. Nikamwambia, kama ni udongo na maji saba tu, kwa nini ulisema nitaswali peke yangu?

Alitazama tasbihi yake. "Nilitaka uiache kazi ile. Majirani walikuwa wakisema. Sikujua ungeshika neno langu namna hiyo."

Nimelala kitandani mwetu nikiwa nimempa mgongo. Kulishika neno lake ndiko alikonifundisha tangu nina miaka saba.

Ijumaa, 6 Machi

Saumu amekutana Ukunda na msichana mpya wa Mwalimu. Anasema binti wa Mwalimu amekuja kwa gari kumchukua Pamba, amempeleka Limuru. Vidonda vinakauka. Mwalimu amebaki peke yake na ile nyumba safi.

Saumu alinihadithia bila mzaha. Kisha akaniletea maandazi kwa ajili ya futari, mawili, ameyafunga kwenye karatasi. Sikumchukia.

Nina hasira na Bibi. Ninaliandika hapa kwa sababu hakuna pengine. Lakini Bibi hakuwepo uani zile Jumamosi. Bibi hakupaka poda. Ningeweza kumwosha kisha nikachota udongo chini ya mpapai, kama nilivyofanya kwa mguu wangu. Kwa mguu wangu niliweza.

Alhamisi, 12 Machi

Alasiri. Bibi amemaliza udhu, nimemsikia akiweka birika chini. Alitandika mswala wake mahali pake, na wangu ameutandika yeye mwenyewe, upande wa kuume, kingo zimegusana. Kwa nyonga ile.

Nimeuona unyoya kwenye pindo la buibui langu, ndani ya mshono. Mkavu. Sikuutoa.

Nikauvuta mswala wangu kidogo, si kwa ajili ya unyoya. Si mbali. Nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

Bibi aliitazama ile nafasi. Alingoja. Kisha akafunga swala, na mimi nikamfuata.