Picha ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi
Ameichukua! Picha yangu ya jeli, ile ya mistari inayoonyesha vipande vya jeni, miezi minane ya kusaga bongo za panya, imo kwenye hotuba atakayotoa Profesa Alhamisi. Jina langu halimo, hata kwa herufi ndogo. Nilipomuuliza alicheka — eti maabara ni familia, na kwenye familia hakuna "changu". Haya, baba mwenye familia. Utakiona cha mtema kuni.

Jumanne, 5 Machi
Nimeisoma hotuba mara tatu. Nimecheka mpaka fundi wa hadubini akauliza kama naumwa.
Jeni ni ile ile moja kwa panya wote. Ujumbe wake, yaani nakala ya maagizo yake, ndio unaokatwa na kuungwa upya: ubongo wa panya mchanga hukitupa kipande fulani, wa panya mkubwa hukibakiza. Kisipokuwepo, seli changa hutafutana na kuungana, kikiingia, zinatulia. Profesa kaigeuza picha! Kasema wachanga ndio wenye kipande.
Mimi ni mashoto. Sampuli huzipanga kuanzia kulia, wachanga kwanza. Kila anayeingia maabara anajua. Yeye ana miaka hajavaa glavu, kaisoma kuanzia kushoto.
Simwambii ng'o.

Jumatano, 6 Machi
Profesa kanitania, mbona nimekuwa mpole. Nikamletea chai. Na sukari.
Mchana fundi kaninong'oneza: hotuba ikipita, Profesa ataomba kibali cha dawa ya kuwaongezea kipande watoto wenye kifafa. Kuwaongezea! Seli zao zitaacha kuungana kabla ya wakati. Nimekosa raha. Lakini wakubwa ukumbini watagundua. Lazima mmoja agundue. Nataka aumbuke mbele za watu.

Alhamisi, 7 Machi
Ukumbini, kiti cha nyuma. Naandikia mapajani.
Picha imepanda ukutani, kubwa kama mlango. Kasema wachanga wako kushoto. Wanampigia makofi! Hata mama mmoja safu ya mbele, mwanawe wa kifafa kamlalia begani.
Mkono — hatimaye! Mzee mwenye miwani anauliza ana hakika gani kuhusu huo upande. Jibu sasa, baba mwenye familia!
Anatabasamu. Anataja jina langu, lote, na la baba yangu. Eti kazi hii ina mwenyewe, ndiye aliyezipanga sampuli, atajibu yeye.
Wote wamegeuka. Yule mama pia.
Kipaza sauti kinapitishwa safu kwa safu. Jirani ananinyooshea. Kalamu iko mkono wa kushoto, nao hautaki kuiacha