Kidole Kinashuka, Hakiendi Sikioni

Fizi, Jumatano alasiri. Mvua imekatika, lakini baridi ya huku milimani haijaniachia tangu nishuke kwenye lori jana.

Naogopa. Naiandika hofu hii kwanza, labda itapungua.

Riziki wangu ana mwaka na miezi minne. Jicho lake la kushoto halijawahi kukauka. Halii, machozi yanamwagika yenyewe, na asubuhi kope zimegandana kwa usaha. Daktari Mbelgiji anayepita hapa kila mwezi alitazama macho yake yaliyopinda juu, shingo laini, ulimi unaochungulia, akamtajia mume wangu neno la Kifaransa, mongolien. Mume wangu ni karani, Kifaransa anakijua, ila neno hilo hajanifasiria hadi leo. Alichonieleza ni kwamba kwa watoto waliozaliwa hivi, njia ya machozi ya kushukia puani huwa nyembamba, na niikande kwa kidole asubuhi na jioni mpaka ifunguke.

Nimekanda miezi mitano.

Leo, mbele ya daktari huyo, mwuguzi wa dispensari alitaka kuona ninavyofanya. Nikaweka kidole kando ya pua, nikavuta kuelekea sikioni.

“Mama Riziki, njo hivi unafanyaka kila siku? Kidole inashukaka chini, haiendake kwa sikio!”

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu Baraka, mama mkwe hufuta machozi ya mtoto kuelekea sikioni, kamwe si mdomoni, ili mtoto asinywe huzuni yake. Mkono wangu ulifuata mazoea. Miezi mitano nimekuwa nikifuta, nikidhani natibu.

Niliomba nianze upya. Daktari akakataa: pembeni ya pua pameshavimba, hapangoji. Kesho asubuhi atapitisha waya mwembamba kwenye ile njia, na Riziki atalazwa kwa dawa ya usingizi. Kisha akausikiliza moyo wake, akausikiliza tena, akasema una sauti isiyotakiwa. Usingizi huo una hatari kwake, lakini atakuwa mwangalifu.

Nilimuuliza mwuguzi kama kosa ni langu.

“Sijue, Mama. Kwa batoto ba hivi, mara ingine haifungukake hata ukikanda muzuri.”

Haikunisaidia. Nilikubali waya.

Wifi yangu, tuliyefikia kwake, ameniona sigusi ugali. Akanishika bega kwa upole kabisa.

“Usiogope sana. Batoto kama huyu, Mungu anabakamataka mapema.”

Alitaka kunifariji, najua. Lakini hapo ndipo nilipoielewa hofu yangu. Riziki asipoamka kesho, watanipa pole ya haraka, watasema afadhali amepumzika, na watarudi mashambani.

Sitaki apumzike. Nataka aamke, huyu huyu, na macho yake hayo hayo.