Kaka Yako Ameacha Kusema Kosa Langu

Nyumbani, nyuma ya duka la umeme,
S.L.P. 418.
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu kutoka kwenye meza ileile uliyotuachia, ile yenye mguu mmoja mfupi. Hujambo lakini? Mgongo wako je, bado unakuuma ukimnyanyua yule bibi unayemtunza? Na baridi ya huko imepungua, au bado unalala na soksi? Mara ya mwisho uliniambia unakula umesimama. Wifi, kaa chini ule. Chakula cha kusimama huishia miguuni.

Sisi tu wazima kwa rehema za Mungu. Presha yangu inapanda na kushuka kama mtu aliyesahau kitu ghorofani, lakini dawa nanywa. Na kabla sijaenda mbali: kaka yako yuko nyumbani, mzima, hivi sasa namsikia akipanga balbu dukani. Naanza na hilo ili usisome huku unatetemeka, maana yaliyotupata si madogo, na kwenye simu nilikuficha. Simu yenyewe hukatika kila tukifika penye maana, na haya si maneno ya kupigiana kelele.

Nyumba imekuwa kubwa. Binti yetu aliolewa akaenda kwake, mdogo wake kazi imempeleka mbali, na mimi nimeshindwa kujifunza kupika kidogo. Nikipika sufuria ndogo kabisa, bado kinabaki.

Sasa nikueleze. Unamkumbuka yule fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, tunayemwita Mama Lasi kwa sababu hata mfuko wa shule anautia lasi ya urembo ukingoni? Alinunua kwetu waya wa kurefushia umeme, wenye matundu manne. Ulikuwa mzuri wa macho, mnene, mweupe, na muhuri wa ubora umebandikwa. Kaka yako aliupata kwa msambazaji tuliyemzoea, akauuza kama anavyouza vingine. Mama Lasi akachomeka cherehani na pasi. Waya ukaungua ndani kwa ndani, moto ukashika pazia, naye akauvuta ule waya kwa mkono wa kulia. Mkono uleule wa sindano.

Alikuja dukani na kaka zake wawili, mkono umefungwa kitambaa chenye maji, waya umeyeyuka ndani ya ndoo. Na wewe unajua kaka yako akiona mtu ameumia husema nini. Mama yenu, Mungu amrehemu, aliwafundisha kwamba "kosa langu" ni maji, ukiyamwaga mapema moto haukui. Yeye alilishika kuliko ninyi wote. Ukimkanyaga mguu, kosa langu. Chai ikikupoea mezani, kosa langu. Siku ya arusi yetu umeme ulikatika mtaa mzima, akawazungukia wageni mmoja mmoja kuwaambia kosa langu, kana kwamba yeye ndiye aliyezima. Ukacheka mpaka ukashika mbavu, ukasema nimeolewa na mtu mwenye makosa ya dunia nzima.

Siku ya Mama Lasi hakuna aliyecheka. Aliutazama ule mkono, akasema taratibu, "Kosa langu, mama. Kosa langu." Kumbe kaka zake Mama Lasi walikuwa wamekuja na askari.

"Umesikia mwenyewe, afande," mmoja wao akasema. "Ushahidi gani tena?"

Walimchukua bisibisi ikiwa bado mfukoni.

Shtaka lilikuwa kuuza bidhaa bandia huku akijua, na kusababisha mtu kuumia. Wifi, hayo maneno mawili, huku akijua, ndiyo yaliyoninyima usingizi. Maana kujua ndiko kunakomfunga mtu, na kaka yako hakujua.

Sitamsingizia mtu. Hawakumpiga, hata kofi. Tena walimwambia ana haki ya kunyamaza, na haki ya kuwa na wakili au ndugu anapoandikisha maelezo yake. Walimwambia kweli. Lakini yule askari alizisoma haki zile kama mtu anayesoma mita ya maji, na kaka yako akaitikia ndiyo kwa kila moja, kama anayeitikia salamu. Kisha akaulizwa kama analijua kosa lake. Akasema, kosa langu, afande. Likaandikwa hivyo hivyo. Aliposomewa akatia sahihi, kwa kuwa aliona si adabu kumbishia mtu aliyejichosha kuandika.

Mimi nilikuwa nje kwenye benchi, chakula kimenipoea mapajani, nikingoja kuitwa. Kumbe ningeweza kuomba niingie nikae naye. Haki yangu ilikuwa chumba cha pili, mimi niko kwenye benchi, hatukukutana.

Habari ya dhamana, ukutani pameandikwa kwamba dhamana ni haki wala haiuzwi, na hakuna aliyeniomba kitu. Walitaka wadhamini wawili tu, watu wenye makazi yanayojulikana. Hapo ndipo nilipojua nina watu wangapi. Jirani anayeazima ngazi yetu alisema atanipigia. Mpaka leo simu yake haijafika, na ngazi anayo. Wenzangu wa kikundi cha sala walikuja, wakaniombea vizuri sana, na juma lililofuata sala ikahamishiwa nyumba nyingine. Walisema kwangu hakuna hewa. Chumba kilekile tulichoimbia miaka yote, wifi. Mimi nilikuwa nimeshapanga viti. Nikavirudisha kimoja kimoja, nikakaa kwenye cha mwisho.

Waliosimama mwishowe ni kinyozi wa mkabala na fundi baiskeli, yule asiyesali popote. Nilipomshukuru akasema, "Shemeji, mimi na Mungu hatujuani sana, lakini mume wako namjua." Nimemwombea kila siku tangu hapo, bila kumwambia.

Wakili tulimpata kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, juu ya duka la matairi. Binti mdogo, mwembamba, anatafuna tangawizi kwa ajili ya koo. Kaka yako alipokaa, kiti kikatoa mlio, akamwambia, kosa langu binti yangu. Yule binti akaweka kalamu chini, akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mzee," akasema, "ukimwonea mtu huruma, mwambie pole. Pole haijamfunga mtu. Kosa lina mwenyewe."

Akatufafanulia kwamba kulipa ni mlango mmoja na kufungwa ni mlango mwingine. Sheria ya kumlinda mlaji inamshika mkono Mama Lasi hata kama muuzaji hakujua, ili afidiwe, mali mbovu iondolewe, na aliyeileta atafutwe. Lakini kumfunga mtu ni mpaka ithibitike kwamba alijua. Na mpaka hapo kaka yako ni mtuhumiwa tu, hajawa mkosaji. Shida ni kwamba alikuwa ameifungua milango yote miwili kwa ufunguo mmoja, tena kwa adabu.

Hilo la mlaji lilinichanganya kichwa. Nilikaa nikijiuliza ni nani aliyekula, na amekula nini. Kumbe kwa lugha ya sheria ukinunua hata msumari, wewe ni mlaji. Nikamwambia wakili kwamba hapa aliyekula ni waya, na aliyeliwa ni fundi cherehani. Hata kaka yako alitabasamu. Nakumbuka, maana sijaliona tabasamu lingine.

Bwana mmoja wa ofisi ya kulinda walaji alikuja dukani, akakusanya waya zote za namna ile, akapasua mmoja mbele yetu. Koti nene kama kidole, na shaba ya ndani nyembamba kama unywele. Kaka yako alishika kaunta. Nikaona midomo yake inalitafuta lile neno, nikamkazia macho. Akalimeza.

Nikuambie ukweli wangu, mwanzoni niliichukia ile sheria. Niliona imempa mwenzangu mkono na kuninyima mume. Mpaka siku ya mahakama, nilipouona mkono wa Mama Lasi bila bandeji. Vidole viwili havikunjiki. Nikaona haya mbele ya Mungu wangu.

Siku hiyo mwendesha mashtaka alimuuliza Mama Lasi mshtakiwa alisema nini pale dukani. Akajibu, alisema kosa langu. Basi nikajua tumekwisha. Wakili wetu akasimama, akamuuliza kama aliwahi kumsikia akilisema kabla ya siku ile.

Mama Lasi aligeuka nyuma. Kaka zake walikuwa wanamtazama. Angeweza kusema hakumbuki, na nani angembishia?

"Kila siku," akasema. "Hata mvua ikinilowesha njiani, nikiingia dukani kwake husema kosa langu."

Watu wakacheka. Hakimu naye akainamia makaratasi. Lakini Mama Lasi hakuwa amemaliza. Akainua mkono.

"Ni mtu mwema, sikatai," akasema. "Lakini huu ni mkono wangu, na haushoni tena."

Kicheko kikafa palepale.

Hakimu akamgeukia kaka yako, akamwambia polepole, siyo kwa kusoma mita, kwamba akitaka atasema na akitaka atanyamaza, na kunyamaza hakutahesabiwa dhidi yake. Kaka yako hakumtazama hakimu. Alimtazama Mama Lasi. Kila mtu mle ndani alijua anataka kusema nini. Wakili akakohoa. Nami kutoka kwenye benchi nikaomba, Mungu wangu, mfunge kinywa.

"Nanyamaza, mheshimiwa," akasema.

Yale maelezo ya kituoni hayakuhesabiwa kuwa ni kukiri, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba alijua. Aliachiwa. Mama Lasi naye hakuachwa mikono mitupu: tumempa cherehani mpya, ya kukanyaga, ajifunze kuongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto, na ofisi ya walaji inamfuatilia yule msambazaji kwa ajili ya matibabu. Sheria imefanya kazi yake pande zote mbili, wifi. Siilaumu. Ningekuwa na barua ya furaha kama ingeishia hapa.

Kaka yako alirudi, lakini neno lake halikurudi naye. Mteja akimkanyaga, kimya. Akidondosha kikombe, anaokota vipande, kimya. Anapima kila waya na kila balbu mbele ya mteja, anafunga, anatoa, hasemi. Nilimwambia kesi imekwisha, wakili mwenyewe amesema sasa yuko huru kusema atakalo. Akaniuliza, "Utajuaje nani anaandika?" Akageukia ukuta.

Hilo ningelivumilia. Lakini jioni tukipiga magoti kusali, tukifika pale pa kutubu, ananyamaza. Anaanza nami vizuri, anashukuru nami, pale pa kusema nimekosa sauti yake inakatika, na namaliza peke yangu. Mara ya kwanza nilidhani amesinzia. Nikafungua jicho, nikamwona yuko macho, amekaza taya kama siku ile mahakamani. Nasali peke yangu, wifi, na mtu yuko kando yangu bega kwa bega. Upweke wa kwenye benchi la polisi nilikuwa naujua mwisho wake. Huu siujui.

Juzi Mama Lasi alikuja kununua balbu. Kaka yako akaijaribu, ikawaka, akamfungia. Yule mama hakuondoka. Akasimama mbele ya kaunta, balbu mkono wa kushoto, anangoja. Kaka yako akaanza kupanga tochi zilizokwisha kupangwa. Nilimsindikiza hadi mlangoni.

"Mahakama imeniambia mengi," akanong'ona. "Yeye bado hajaniambia."

Nikamwambia nitamfikishia. Sikufikisha. Mimi siwezi, wifi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kila asubuhi ya kesi, nyamaza, baba watoto, nyamaza. Nikimgeuzia neno leo, ataona na mimi ni mahakama nyingine. Lakini wewe na yeye mmelelewa na mama mmoja. Lile "kosa langu" la kwanza maishani mwake huenda alikuambia wewe. Mwandikie yeye mwenyewe, si kwa kupitia kwangu. Usimtaje wakili wala hakimu. Mkumbushe mama yenu na maji yake tu, kwamba kuna moto hapa bado haujazimwa, na mwenye ndoo ni yeye.

Binti yetu anakusalimu, anasema umtumie picha yako ukiwa umekaa. Shangazi yenu anakusalimu na goti lake. Kinyozi naye ameniona naandika, akasema nisimsahau. Msalimie huyo bibi, umwambie kuna nyumba huku anamoombewa.

Mungu akulinde unapokesha kwa ajili ya mzazi wa watu wengine, na akurudishe kwetu mgongo ukiwa umenyooka.

Nimeacha nafasi mezani upande wa mguu mfupi, ule ulioupenda. Nijibu upesi, wifi yangu, na barua yake uiandike kwanza kabla ya yangu.

Wifi yako akupendaye daima,
Mke wa kaka yako