Kiti cha Ruwaida

Jumatatu, 12 Mei
Uji umegawiwa saa mbili. Watoto tisa ukumbini, wote wa majirani hapa Kiembe Samaki. Mama huwalea mpaka wazazi watoke kazini. Wa kumi ni Ruwaida, miaka minne, wiki yake ya kwanza. Mgongo wake hausimami, shingo humwelemea. Mchana Mama alimlisha wali amelala mapajani. Akapaliwa hadi midomo ikageuka rangi. Niliogopa. Nimemweleza Mama kwamba mtoto huyu hulishwa akiwa wima. Akajibu kwamba alianza kulea kabla sijazaliwa. Hiyo si hoja.

Jumanne, 13 Mei
Mama yake Ruwaida, karani bandarini Malindi, amesikia habari ya kupaliwa. Ametupa hadi Jumamosi. Mtoto asipokula vizuri, atampeleka Makunduchi kwa bibi yake. Bibi hamtoi kitandani. Nimechora kiti: mgongo mrefu, mikanda, meza yake. Seremala atakimaliza kesho.

Jumatano, 14 Mei
Kiti kimekuja. Ruwaida amekaa wima. Nimejisifu, sikatai. Wenzake chini mkekani, wamelizunguka sinia. Yeye juu, na sahani yake. Hakula hata tonge.

Alhamisi, 15 Mei
Hakula tena. Anageuza uso, anatazama chini. Mama: “Umemweka juu kama kadhi, nani atamfikia?” Tumebishana mpaka alasiri. Nimeshinda. Mtoto ana njaa.

Ijumaa, 16 Mei
Hafidh, mmoja wa wale tisa, miaka mitano, kamuuliza Mama: “Bi Time, Ruwaida mgeni? Mbona hali na sisi?”

Nimeona haya. Katika nyumba zetu anayepakuliwa peke yake ni mgeni au mgonjwa. Nalijua hilo tangu utotoni. Miaka yote ya chuo pale Tunguu, nikisomea malezi ya watoto kama yeye, na imenibidi nikumbushwe na Hafidh.

Baada ya sala nimeazima msumeno. Miguu yote minne nimeikata, meza nimeing'oa. Mgongo na mikanda nimeviacha. Katika hilo sikukosea.

Jumamosi, 17 Mei
Kiti kimekaa mkekani, magoti ya Ruwaida yanagusa sinia. Mama kamshika kiwiko. Ruwaida ametia mkono walini. Mwingi umemwagika, uliobaki umefika mdomoni. Hafidh kamsogezea mnofu wa samaki.

Mama yake Ruwaida kapiga simu kutoka bandarini. Nimemwambia amekula. Akauliza kwa mchuzi gani, na Jumatatu amlete saa ngapi.